Mtunzi na Mtunzaji

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo nje ya uwanja wetu wa mizani na vina, nizungumzie kompyuta. Najua wapo watakaoondoka hapa hapa. Nawasihi wasubiri aya mbili tatu, kwa kuwa swali lililonipeleka huko lilikuwa la lugha, na lililonirudisha ni la mashairi.

Nilistaafu mwaka 2018, baada ya miaka 36 ya kufundisha Kiswahili. Jirani na nyumbani kwangu, mkoani Tanga, ipo shule ya kata yenye chumba cha kompyuta 12 kuukuu zilizotolewa msaada. Aliyezifufua ni kijana niliyemfundisha zamani. Alizitilia mfumo huria uitwao Debian, ambao hauuzwi, na ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Kisha kijana akapata kazi Dodoma, akaniachia ufunguo wa chumba na karatasi yenye amri tisa za kuandika. Mimi niliyefunzwa katika chuo cha ualimu ambako chombo cha kisasa kuliko vyote kilikuwa mashine ya kurudufu kwa stensili, nikawa mlinzi wa kompyuta.

Kwa muda mrefu nilifungua chumba, nikapangusa vumbi, nikafunga. Zile amri tisa nilizisahau. Siku moja mwaka 2024 nikaona haya, nikaketi mbele ya mashine ya kwanza na kuandika amri ya kusasisha. Mistari ikashuka kwenye kioo, na kila mstari ulisema kitu kile kile, kwamba kilichotafutwa hakipo. Nikapiga simu Dodoma.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kompyuta zako zinanikana.”

Akacheka, akaniuliza maswali mawili matatu, kisha akasema, “Mwalimu, toleo lako ni la 9, la mwaka 2017. Limeshazeeka. Watunzi wake wamelihamishia kwenye nyaraka za zamani.”

Maradhi ya ualimu hayaponi kwa kustaafu. Badala ya kumuuliza nifanye nini, nilimuuliza, “Watunzi au watunzaji?”

Akanyamaza kidogo. “Kwani si kitu kimoja, Mwalimu?”

Si kitu kimoja, ingawa masikio yanaweza kumdanganya mtu. Mtunzi ametoka katika kutunga, kwa njia ile ile ambayo jenga lilizaa mjenzi na linda likazaa mlinzi: sauti ya mwisho ya mzizi imegeuka kuwa z mbele ya i. Mtunzaji ametoka katika kutunza, kukiangalia kitu kisiharibike. Sadfa ya matamshi imewaweka mlango mmoja, mmoja anayeleta kisichokuwapo na mwingine anayezuia kilichopo kisitoweke. Ukitazama vitabu vyetu utaona jina la nani huandikwa kwenye jalada.

Na kutunza kwenyewe kuna maana ya pili, ambayo wanafunzi wangu wa miaka ya karibuni hawakuijua mpaka niwaambie. Ngomani, anayempa mwimbaji fedha au kumtia kanga mabegani husemwa amemtunza, na humo ndimo ilimo tuzo tunayoipigania katika mashindano. Neno moja, basi, limebeba kazi ya kulinda na malipo ya kuimba. Anayelinda, aghalabu, hatunzwi na mtu.

Kijana alinielekeza nifanye nini, lakini kabla sijafika huko ni lazima nieleze kitu kinachotunzwa ni kitu gani. Programu katika mfumo kama huu haziji kama jiwe moja. Huja kwa vifurushi. Kwa vijana wa leo kifurushi ni dakika na intaneti zinazonunuliwa kwa simu. Kwetu sisi wa zamani ni furushi dogo, kanga iliyofungwa fundo, na ndani yake nguo mbili na kipande cha sabuni. Maana ya watu wa kompyuta iko karibu zaidi na ya kwetu. Ndani ya kila kifurushi cha Debian mna programu yenyewe, na pamoja nayo mna waraka mfupi unaotaja jina la kifurushi, toleo lake, jina la mtunzaji wake, na vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakiwezi kufanya kazi.

Waraka huo ulinivutia kuliko programu zote. Utegemezi umepangwa ndani yake kwa daraja. Kuna kifurushi ambacho hiki hakisimami bila hicho, kuna ambacho kinapendekezwa sana, na kuna ambacho kinatajwa tu kwa anayependa. Mtu aliyelelewa pwani, aliyezoea kuyagawa mambo katika faradhi na suna, haelezwi mara mbili. Kuna pia vifurushi visivyopatana, vinavyotamka wazi kwamba haviwezi kukaa nyumba moja. Kazi ya kuyasoma yote hayo, kuvileta vifurushi kutoka ghalani, kuvipanga kwa zamu na kuviondoa visivyohitajika tena, hufanywa na programu iitwayo APT, ikisaidiwa na dpkg inayovifungua na kuviweka mahali pake. Toleo la 12 la Debian, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Wanaovitunza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani.

Mtunzi wa Debian alikuwa mwanafunzi wa Kimarekani, Ian Murdock, aliyetangaza mradi wake Agosti 1993. Jina aliliunga kwa kulichukua la mpenzi wake Debra na kuliambatanisha na lake, jambo ambalo mshairi yeyote angelifanya. Chombo cha kwanza cha vifurushi kilianza kwake, kisha Mwingereza Ian Jackson akakiandika upya mwaka 1994. APT ilitolewa rasmi pamoja na toleo la 2.1 mwaka 1999. Murdock aliacha uongozi wa mradi mwaka 1996, na mwaka 2015 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 42. Vifurushi viliendelea kuja. Ukihesabu, utaona kwamba sehemu kubwa mno ya umri wa kitu hiki imepita mikononi mwa watu ambao hawakukitunga.

Nami nikajiunga nao, kwa kiasi cha mtu anayepanga foleni nyuma kabisa. Kutoka toleo la 9 huwezi kuruka mpaka la 12. Ni lazima upande ngazi moja moja, 10, kisha 11, kisha 12. Nilinunua vifurushi vya simu ili nipate vifurushi vya kompyuta, nikavipakua katika mashine moja, kisha nikavihamisha kwa flashi hadi nyingine. Kazi hiyo ilikula Jumamosi sita. Katika ya tatu, mashine ya saba iligoma na kuniambia, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba haiwezi kurekebisha mambo kwa sababu mimi nimeshikilia vifurushi vilivyovunjika. Niliisoma sentensi ile mara nne. Sijapata kulaumiwa na mashine kwa lugha inayokaribia hivyo ushairi. (Wenye kazi hii si watu wakavu wote, lakini. Yuko ng'ombe aliyefichwa ndani ya APT. Ukijua amri yake hutokea kwenye kioo, amechorwa kwa alama za herufi, na kukuuliza kama leo umelia kama ng'ombe. Wanafunzi walipomgundua, somo liliishia hapo.)

Lililoniondolea usingizi nililisoma baadaye, nilipotaka kujua hawa watunzaji wanaishi vipi. Katika Debian, mtunzaji anayeona hawezi tena haondoki kimya kimya. Zipo njia rasmi za kusema. Anaweza kuomba msaidizi. Anaweza kutangaza kwamba anatafuta mtu wa kukiasili kifurushi chake, huku akiendelea kukitunza mpaka apatikane. Na akishindwa kabisa, anakitangaza kuwa yatima. Ndilo neno wanalotumia. Jina lake hufutwa katika ule waraka, na mahali pake huandikwa la kundi linaloangalia ubora wa vifurushi vyote. Mwenye kutaka kukichukua naye hutangaza nia yake hadharani. Asipotokea mtu, na kifurushi kikaanza kuoza, kinaweza kuondolewa ghalani. Wapo hata watu ambao kazi yao ni kuwaandikia watunzaji walionyamaza muda mrefu na kuwauliza kama bado wapo.

Nilipofika hapo niliinuka, nikaenda kufungua sanduku langu.

Ndani ya sanduku mna kaunta buku tisa. Tulianza kuzijaza mwaka 1984, mimi na mwalimu mwenzangu, kwa mashairi ya watu wa baraza letu la Alhamisi, wavuvi, makarani, fundi cherehani mmoja, na mama mmoja muuza mikate ambaye kwa tarbia hakuwa na mpinzani. Mengi hayakupata kuchapishwa popote. Tuligawana kazi, mimi nikiweka tisa na mwenzangu saba. Mwenzangu alifariki mwaka 2011. Nilikwenda kuhani, nikarudi tena baada ya arubaini kuuliza habari za zile daftari saba. Zilikuwa zimeshauzwa kwa kilo pamoja na magazeti. Wiki ile nilinunua karanga katika kila genge la mtaa ule na kukunjua kila karatasi. Nilipata kurasa nne. Sikumlaumu mtu, na simlaumu sasa, kwa sababu mwenzangu hakuwa amemwambia yeyote zile ni nini. Mimi nami, kwa miaka yote iliyofuata, sikuwa nimemwambia yeyote hizi zangu ni nini.

Mtasema dawa ni nyepesi, natafuta kijana namkabidhi. Ningesema hivyo mimi pia, kama nisingelisoma visa viwili.

Cha kwanza ni cha Mei 2006. Mtunzaji mmoja wa Debian aliona kwamba chombo cha kukagua msimbo kinalalamikia mistari miwili katika OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za mawasiliano. Mistari ile ilionekana kama kosa, kusoma kumbukumbu ambayo bado haijaandikwa kitu. Hakuwa mzembe. Aliuliza kwanza kwa wenye programu, na jibu alilopata halikumzuia. Akaizima. Kumbe mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukiingiza bahati nasibu katika funguo. Kwa takriban miaka miwili, hadi Mei 2008, mashine zilizotumia kifurushi kile zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuzikisia, kwa kuwa kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo zilibaki funguo 32,767 tu.

Nilipokisoma kisa hicho nilijiona. Mwaka 1985, nikiwa na miaka 27 na wino mwekundu mfukoni, nilinakili shairi la mvuvi mmoja mzaliwa wa Mombasa. Katika ubeti wa tatu alisema majirani “waniteka”. Mimi nikaona hilo haliwezekani, majirani hawateki mtu, bila shaka mzee ameteleza. Nikaandika “wanishika”, mizani nne kwa nne, kina kilekile, nikaridhika. Shairi likasomwa Alhamisi mbele ya wote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, mimi nilitekwa, yaani nilichekwa. Wewe umenitia pingu.” Katika Kimvita, kuteka ndiko kucheka, na mimi mwenye cheti cha kufundisha Kiswahili sikuwa najua. Nilimsahihisha mtu katika lugha yake. Kosa kama lile linapita ukaguzi wowote, kwa sababu mizani inatimia na vina vinakubaliana. Asingekuwapo mwenyewe siku ile, lingekuwa ndilo shairi lake mpaka leo.

Kisa cha pili ni cha majuzi, nacho kinatisha zaidi. Vifurushi vya Debian hubanwa ili viwe vidogo, na programu inayotumika sana kuvibana inaitwa xz. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2022 watu walimwandikia wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole. Alijibu kwa upole kwamba nguvu zake zimepungua kwa matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na akakumbusha kwamba kazi hii ni ya mapenzi tu na haina ujira. Wakati huo alikuwapo msaidizi mwenye bidii aliyejiita Jia Tan, jina ambalo mpaka leo halijapata mwenyewe. Msaidizi alifanya kazi nzuri, mwaka mmoja, wa pili, mpaka akaaminiwa kuyatoa matoleo mwenyewe. Mapema mwaka 2024 akaficha ndani yake mlango wa nyuma, wa kuingilia mashine za watu.

Aliyegundua hakuwa akitafuta wezi. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa mbali kunachelewa kama nusu ya sekunde, jambo likamkera, akalifuata mpaka chanzo chake. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Mlango ule ulikuwa umeshafika katika matawi ya majaribio ya Debian, ila haukuwa umefika katika toleo thabiti, lile ambalo watu kama mimi hulitumia. Collin, pamoja na uchovu wake, alirudi, akausafisha mradi na kuendelea kuutunza.

Nusu ya sekunde! Ni mtu wa mizani huyo, nimesema moyoni. Amesikia silabi moja iliyozidi.

Lakini kinachonikaa kooni zaidi ni ile barua ya Collin, kuliko ujanja wa mwizi. Mtu mmoja amechoka, ulimwengu mzima unategemea kazi yake bila kujua jina lake, na wanaokuja kumwandikia wanakuja kumhimiza aharakishe. Anapotokea mmoja kusema nitakusaidia, atamkataaje? Na mimi nitakapokabidhi sanduku langu, nitamjuaje anayechukua kwa nia ya kutunza na anayechukua kwa nia ya kuweka jina lake mahali pa majina ya wenyewe? Yamewahi kutokea katika ushairi wetu, na wahusika wengine wako hai, kwa hiyo naishia hapo.

Sina jibu kamili. Nina mfano mmoja tu ninaoushika. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamenusurika kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu katika karne ya 19, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Jina la Muyaka kila mwanafunzi wa kidato cha sita amelisikia. Nimefundisha miaka 36, na ni mara chache mno mwanafunzi aliniuliza mashairi hayo yalitufikiaje. Jina la mtu huyo, Sikujua, linanifurahisha kila nikilitamka.

Mwaka huu wa pili sasa, kila Alhamisi baada ya alasiri naenda kwenye chumba cha kompyuta na wanafunzi sita. Nusu saa ya kwanza ni ya kusasisha, wakisoma kwa sauti majina ya vifurushi vinavyobadilishwa. Agosti 2025 Debian ilitoa toleo la 13, ambalo halisakinishwi tena katika mashine za zamani kabisa, za biti 32. Nne kati ya zetu ni za namna hiyo, kwa hiyo zitabaki katika toleo la 12 kwa muda uliosalia. Nusu saa inayofuata tunapiga chapa mashairi. Tumemaliza daftari la kwanza na la pili. Juu ya kila shairi tunaandika waraka mfupi wa jina la mshairi, mwaka, aliyelinakili, na lahaja aliyoitumia. Pale niliposahihisha zamani, neno la mshairi limerudi mahali pake na langu limewekwa pembeni, na jina langu mbele yake.

Kwa hiyo natangaza hadharani, kama watangazavyo wale. Nina umri wa miaka 67. Ninazo daftari tisa zenye mashairi 412 ya washairi 31, ambao 19 kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Daftari la tano limepoteza karatasi tatu kwa mchwa. Natafuta walezi wawili, wala si mmoja, ikiwezekana wasiokaa mji mmoja, na mmoja wao awe anaijua Kimvita kuliko mimi. Wasibadilishe neno bila kuliacha la awali likionekana. Nitaendelea kuzitunza mpaka wapatikane. Anayetaka kuzisoma kwanza aje Alhamisi yoyote. Ufunguo ninao mimi, na wa pili nimempa binti wa kidato cha tatu aliyeifufua mashine ya saba.